Kwenda Chome Kuuombea Wimbo Ruhusa

Sikupanda milima ya Upare kutalii. Nawaambia mapema nyie wa nyumbani Tanga, maana nimeshasikia mnavyosema huko barazani kwamba Mwanaidi siku hizi anazurura tu na gitaa mgongoni. Nilipanda kwa sababu ya woga. Kuna mzee mmoja huko juu aliyenikausha vidole jukwaani kwa kunitazama tu, na Jumamosi ilikuwa yaja nipande jukwaa lilelile, mji uleule, nipige wimbo uleule.

Niwaeleze kidogo. Bendi yetu inaitwa Tangawizi. Tunapiga rock, yale magitaa ya umeme yanayokwaruza ambayo bibi yangu anayaita vita. Ilianzishwa mjini Same na vijana walioshuka kutoka milimani, mie sijazaliwa bado, na tangu hapo watu wameingia na kutoka mpaka hakuna anayekumbuka orodha yote. Wapiga ngoma wamebadilika, wa besi wamebadilika, makao yenyewe yamehamia Moshi. Kilichobaki ni jina na wimbo mmoja unaoitwa "Zamu Yangu", habari za mkulima anayengoja zamu yake ya maji ya mfereji huku mahindi yake yananyauka. Unaanza na gitaa la solo peke yake, bila ngoma, bila sauti ya mtu. Aliyeutunga ni Elieneza, mmoja wa waanzilishi, ambaye aliacha bendi akarudi kwao Chome. Kiti chake cha solo ndicho ninachokikalia mie.

Mara ya mwisho tulipopiga Same, Elieneza alishuka. Nilikuwa mgeni kwenye bendi, nimejawa na mbwembwe. Nikashika maiki nikapaza sauti: "Sisi ndio Tangawizi! Sisi ndio tuliowachezesha mama zenu!" Watu wakashangilia. Nilipogusa tu nyuzi za "Zamu Yangu", mzee mmoja mrefu mwenye koti la mvua akaja kusimama mbele kabisa, mikono kaikunja kifuani, macho kwenye vidole vyangu. Hakutukana, hakupiga kelele. Waliomfahamu wakaacha kucheza, na wengine wakafuata. Nikakosea, nikarudia, nikakosea tena, jasho linanitiririka mpaka kwenye nyuzi. Hamza, kiongozi wetu na mwimbaji, akauokoa usiku kwa kurukia wimbo mwingine. Mzee alipokuwa akitoka akamwachia mlinzi wa mlangoni ujumbe wetu: wimbo ule ukipigwa tena Same, atapanda jukwaani auzime mwenyewe.

Sasa Same wametuita tena. Hamza akaniambia waziwazi, "Jumamosi unaupiga. Mpiga solo asiyeweza 'Zamu Yangu' mbele ya watu wa Same mimi sina kazi naye." Kwa hiyo mwenzenu nilikuwa naelekea kumwaga unga. Nikimuuliza Hamza kisa cha yule mzee, anasema neno moja tu, kiburi. Nikapiga moyo konde, nikaamua kumfuata mzee kwake nikamwombe. Hamza sikumwambia.

Alhamisi asubuhi nilipanda basi Moshi, nikashuka Lembeni. Reli na lami zinapita hapo, na kando ya lami kuna maduka ya kila kitu. Nilikuwa namtafuta Mzee Bakari, aliyekuwa akitupigia ngoma zamani, siku hizi ana duka la vipuri vya baiskeli. Nilimkuta anaziba pancha, kanzu kaipandisha magotini. Alifurahi kuniona, akaagiza chai na maandazi, akanitania kwamba watu wa Tanga tunaongea mpaka chai inapoa. Nilipomwambia nakwenda Chome kwa Elieneza, akakiweka kikombe chini.

"Hamza kakutuma?"

"Hapana, baba. Hajui."

"Na unajua Elieneza aliondoka kwa nini?"

"Naambiwa kiburi."

Bakari akacheka, lakini si kicheko cha kuchekesha. Akaichukua ile tairi, akaizungusha bure. "Siku hiyo mimi nilikuwa kwenye ngoma," akasema. "Siwezi kukusimulia mwanangu, naona haya. Muulize mwenyewe. Msalimie. La, usimsalimie. Usinitaje kabisa."

Chai sikuimaliza. Ningejua njia ya kumbana mtu mzima aseme ningembana, lakini angeniona sina adabu. Nikapanda gari lililokuwa linaelekea Same, roho juu, nikijiuliza ni jambo gani hilo la kumtia haya mzee wa umri ule mbele ya duka lake mwenyewe.

Same nilifika jua kali, vumbi jekundu, milima imesimama upande mmoja na mawingu kichwani. Sijashusha hata begi, simu ikalia. Hamza. Bakari alikuwa ameshampigia.

"Uko wapi?"

"Same."

"Usipande, Mwanaidi. Nakuambia kama kiongozi wako, usipande."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema. Ukipanda, usirudi kwenye bendi yangu."

Ningekuwa mpole kama dada yangu Rehema ningegeuza. Lakini mie mtu akinikataza bila kuniambia sababu, miguu inawasha. Nikazima simu, nikatafuta bodaboda. Dereva alikuwa jamaa wa makamo, akalitazama gitaa, akayatazama mawingu, akasema Chome yenyewe hanihakikishii ila Mhezi tutafika.

Tuliacha lami tukaanza kupanda. Jamani, ile njia! Upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili hakuna kitu, unaona vilele vya migrevilea iliyoota huko chini. Kila kona dereva anapiga honi, na mie nafumba macho. Kadiri tulivyopanda joto la Same likabaki chini, ikaja baridi, ukungu, harufu ya udongo mbichi. Kabla ya Mhezi mvua ikatushukia na pikipiki ikaanza kwenda upande kama kaa. Nilishuka, nikaisukuma pamoja na dereva, viatu vimejaa tope.

Mhezi tukajibanza kwenye baraza ya duka mpaka mvua ilipopungua. Dereva akasema yeye mwisho hapo. Nikaendelea kwa miguu, gitaa nimelifunika kwa nailoni, napita katikati ya mashamba yaliyoning'inia mlimani, migomba, kahawa, maharage. Watu wa huko wana salamu nzuri, hakuna anayekupita kimya. Mama mmoja mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe alifuatana nami kipande kizima, akinichekesha, akinipa pole kwa njia. Akaniuliza nakwenda kwa nani.

"Kwa Mzee Elieneza."

Akalitazama lile gitaa. "Wewe ni wa bendi?"

"Ndiyo, mama."

Basi. Mazungumzo yakaishia hapo hapo. Tulipofika njia panda akanionyesha kwa kidevu, akakata kushoto na majani yake bila kuniaga. Nilibaki nimesimama pale kama niliyepigwa kofi.

Chome nilifika jua limeshaegemea. Nyumba ya Elieneza ni ya matofali, bati limepauka, kahawa mpaka mlangoni, na msitu wa Shengena unaanza juu kidogo tu, mweusi kwa ukungu. Alikuwa nje anachagua mawe, makubwa huku, madogo kule. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akanyoosha mgongo. Kisha akaniangalia vidole.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Nimekuja kuomba."

Mkewe, Mama Neema, alitoka na kigoda na uji wa moto. Wapare hawakuachi mgeni usimame na baridi, hata kama umekuja kwa ubaya. Mzee alingoja mpaka nimemaliza uji ndipo akasema, "Haya, omba."

Nikaomba. Nilimwambia kila kitu, kwamba kazi yangu iko mashakani, kwamba wimbo ule ninauheshimu, kwamba kama kuna mahali nauharibu anifundishe. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Huo wimbo unajua ni wa nani?"

"Ni wako."

"Ni wa mama yangu. Anayengoja maji humo ndani ni yeye. Alikuwa na shamba la mwisho kwenye mfereji. Zamu ikifika kwake maji yamekwisha, na alikuwa akikaa pale na jembe lake anangoja hivyo hivyo." Akaonyesha upande wa migomba. Palikuwa na kaburi, kifusi tu cha udongo na msalaba wa mbao. "Amelala pale."

Nikasema pole. Akaendelea kana kwamba hajasikia.

"Alipofariki nilituma habari kwa bendi. Huku kwetu kaburi halichimbwi na mtu wa kulipwa. Wanachimba wenzako. Majirani walishika majembe wakaniuliza, Elieneza, wenzako wako wapi, tuwangoje? Nikasema tuwangoje kidogo, wanakuja. Tukangoja. Mchungaji akaja, tunangoja. Mwisho kondakta wa gari akaleta shada la maua na bahasha. Hamza alikuwa na harusi ya kupigia huko Same. Mama yangu anashushwa kaburini, wao wanapiga 'Zamu Yangu', watu wanacheza. Wakasema watakuja kesho yake. Kesho yake wakapata onyesho jingine."

Mama Neema akaondoa kikombe changu taratibu, hakuniangalia. Nikaelewa haya ya Bakari. Nikaelewa na yule mama wa majani. Kijiji kizima kilisimama na majembe kikiwangoja watu wa bendi.

Lakini ulimi wangu mnaujua. Ukiogopa unajitetea. Nikasema, "Baba, ni makosa makubwa. Ila mie sikuwepo. Nilikuwa mtoto Tanga."

Hapo ndipo alipoinua sauti kwa mara ya kwanza.

"Hukuwepo! Pale Same ulishika maiki ukasema sisi ndio tuliowachezesha mama zenu. Hao mama waliocheza, wewe ulikuwepo? Kwenye kushangiliwa mnasema sisi, sisi, sisi. Kwenye msiba kila mmoja anasema mimi sikuwepo. Sasa hiyo Tangawizi ni nani?"

Nimeshazomewa, nimeshatupiwa chupa jukwaani, lakini hakuna lililonichoma kama lile. Nilitazama yale mawe, nikatazama kile kifusi. Machozi yalinitoka, siwafichi. Nikapiga magoti pale pale kwenye tope.

"Pole kwa msiba wa mama," nikasema. "Ulitungoja, na sisi hatukuja."

Kisha akasema kwa Chasu, lugha yao Wapare, neno nisilolielewa, na Mama Neema akaja kuniinua.

"Pole yako nimeipokea," akasema mzee. "Lakini ni ya mtu mmoja, na bendi si mtu mmoja. Jumamosi tunamjengea mama kaburi. Asubuhi watu watabeba mchanga kutoka mtoni. Simwaliki mtu. Kazi kama hii hatualikani, mtu akisikia anakuja." Akarudi kwenye mawe yake. Habari ya wimbo hakuigusa tena, na mie sikuthubutu kuuliza.

Usiku ule nililala kwao, na Ijumaa niliteremka na gari lililobeba magunia ya tangawizi. Njia nzima nilikuwa napiga hesabu ya saa. Jumamosi asubuhi mlimani, jioni jukwaani, na katikati ni ile njia, na mawingu hayajaondoka.

Same niliwakuta wenzangu wameshafika, wako ukumbini wanafunga spika. Joshua anapiga ngoma, Riziki anapiga besi, wote ni vijana wa juzi juzi kama mie, na gitaa la pili huwa analishika Hamza mwenyewe. Aliponiona akaweka waya chini.

"Nilikuambia usirudi."

"Nimerudi kusema neno moja, halafu ukitaka nifukuze." Nikalisema mbele ya wote. Harusi, shada la maua, majembe yanangoja, na kaburi linalojengewa kesho. Joshua akaacha kukaza boliti. Riziki alikuwa akimtazama Hamza kama anayemwona leo.

Nilidhani Hamza atafoka. Alikaa juu ya spika, akajifuta uso kwa kiganja. Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, kavaa shati lake la maua.

"Watu wa harusi walikuwa wameshachinja," akasema. "Nikaogopa kuwaudhi. Nikasema nitakwenda kesho. Halafu nikasema wiki ijayo. Kadiri nilivyochelewa ndivyo ile njia ilivyozidi kuwa ndefu. Eli ndiye aliyenifundisha kushika gitaa, Mwanaidi. Alinichukua sina hata viatu. Nitamtazama vipi?"

"Si umtazame hivyo hivyo tu!" nikasema. "Mara ya kwanza ilikuwa harusi. Na kesho utasema nini, onyesho?"

Huko kulikuwa kumgusa jeraha. Akasimama, uso umembadilika. "Kesho saa nane mchana tunapima vyombo. Mvua ikikata ile njia mkabaki huko, mji mzima utakuwa umekuja kwa ukumbi mtupu, na bendi hii imekufa. Asiyekuwepo saa nane, hayupo tena Tangawizi. Wote mmesikia?"

Akatoka. Spika zikabaki zinanguruma kidogo. Nikajua nimewaingiza wenzangu kwenye balaa langu. Riziki ana mtoto mchanga. Nikaanza kuwaambia kwamba nitakwenda peke yangu, Joshua akanikatiza.

"Bodaboda asubuhi tunazipata wapi?"

Jumamosi tuliondoka Same kumepambazuka tu, pikipiki tatu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye kona moja ya kupandia Mhezi udongo ulikuwa umeporomoka, umekula nusu ya njia. Madereva wakagoma, na sikuwalaumu. Tukapita kwa miguu tukijishikilia mizizi, Riziki mbele, mie katikati nasoma kila dua niliyofundishwa madrasa. Joshua akateleza mpaka kiunoni, akabaki kashika kichaka, tukamvuta. Hakuna aliyesema turudi. Lakini kila mmoja alikuwa anawaza njia ile ile itakuwaje mchana, nilikuwa naona kwenye nyuso zao.

Tulipotokea kwa Elieneza, uwanja umejaa watu. Wanaume wanakoroga saruji, wanawake wanapanda kutoka mtoni na mchanga kichwani. Yule mama wa majani alikuwepo, akaniona, akamgusa mwenzake. Kazi ikasimama kidogo. Mzee alikuwa kaburini, mwiko wa kujengea mkononi. Alitutazama mmoja mmoja, tope mpaka kiunoni, kisha akatazama nyuma yetu.

"Hamza?"

"Yuko Same," nikasema.

Aliinama akalaza jiwe moja, akaligonga. Halafu akawageukia majirani zake, akawaambia kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie, "Hawa ni bendi yangu. Wamefika. Wapeni vyombo."

Tukapewa ndoo. Mtoni ni chini kabisa, unashuka kwa kuruka na kupanda kwa kutambaa, na mchanga uliolowa una uzito wa kuvunja shingo. Hakuna aliyetuhoji, hakuna aliyetusimanga. Kwenye mteremko wa tatu au wa nne yule mama wa majani alinitengenezea kata ya majani ya mgomba ya kuwekea kichwani, akaniambia watu wa pwani hatujui kubeba. Hapo nilijua tumesamehewa na yeye. Nilipomwaga mchanga wangu Elieneza akasema bila kuinua kichwa, "Jioni uupige. Pale mwanzo usiukimbize. Mama hakuwa mtu wa haraka."

Nimewaza sana tangu siku ile. Mtu akiingia kwenye bendi ya zamani anadhani amepewa kiti na sifa zake, kumbe kiti kinakuja na wote waliokikalia na mabaya yao. Ukisema sisi, sema yote.

Tulikuwa karibu kumaliza, mchanga wa mwisho mwisho, watu wakanyamaza. Niligeuka. Hamza alikuwa amesimama pale kwenye kahawa. Kaja na viatu vyake vyeupe vya jukwaani, vimekuwa rangi ya njia, suruali imechanika goti, anahema. Alikuja mpaka hatua chache kutoka kaburini, akasimama, mikono hajui aiweke wapi.

"Shikamoo, kaka Eli."

Elieneza hakujibu. Aliendelea kusawazisha saruji. Shikamoo ile ilibaki hewani, mbele ya kijiji kizima, na mie nilitamani ardhi ipasuke kwa niaba yake. Hamza akatazama kaburi, akatutazama sisi. Nilidhani atageuka. Alikuja akanipokonya ndoo mkononi, akashuka mtoni.

Alikawia. Tulimsikia akianguka mara moja huko chini, hakuna aliyekwenda kumsaidia. Aliporudi kaiweka begani, maji ya mchanga yanamchuruzika mgongoni. Akaumwaga mchanga mbele ya miguu ya mzee, akabaki ameinama hapo hapo.

Elieneza akachota ule mchanga na mwiko wake, akauchanganya na saruji, akaupaka juu ya kaburi la mama yake, akausawazisha polepole mpaka ukalala vizuri.

"Marahaba, Hamza," akasema.